Meza ya zawadi ya harusi: dalili za kasoro, vyanzo vyake na namna ya kuzirekebisha

Meza ya chakula iliyotengenezwa kwa mkono ni miongoni mwa zawadi zinazothaminiwa sana katika harusi za Moshi na Arusha, hasa inapotoka kwa kaka, mjomba au rafiki anayejua kushika randa. Kazi hiyo ina sharti moja ambalo kazi nyingine nyingi za useremala hazina: tarehe haisogei. Kadi zimeshagawiwa, ukumbi umelipiwa, na mbao zilizonunuliwa zikiwa mbichi hazitakauka upesi kwa sababu tu kamati imekwisha kupanga siku. Kwa maoni yangu, kasoro nyingi zinazoonekana kuwa mbalimbali, yaani ufa, mpindo, mguu unaocheza, gundi iliyoachia na vanishi iliyofanya ukungu, zina chanzo kimoja cha msingi, nacho ni maji: ama yamebaki ndani ya mbao, ama yanaingia na kutoka huku meza haikuachiwa nafasi ya kutanuka na kusinyaa. Anayeziba ufa bila kuuliza maji hayo yako wapi ataziba ufa huohuo tena mwaka unaofuata.

Maelezo haya yanachukulia meza ya watu sita yenye uso wa futi 6 kwa futi 3, kimo cha inchi 30, miguu minne, na reli nne za mbao zinazoishika miguu hiyo chini ya uso. Mbao zinazopatikana kwa urahisi huku kwetu ni paina na saipresi kutoka mashamba ya miti ya Meru na West Kilimanjaro, mgrevilia unaopandwa na wakulima kati ya kahawa na migomba, na mtiki unaoletwa kutoka Longuza mkoani Tanga au Mtibwa mkoani Morogoro. Mwenye uwezo zaidi hununua mninga au mkongo, na kwa meza ambayo lazima itulie, mninga una sifa kubwa kuliko yote niliyoitaja, kwa sababu husinyaa kidogo sana.

Kabla ya dalili yoyote: pima maji

Mti uliotoka kukatwa huwa na maji yanayozidi asilimia 30 ya uzito wake mkavu. Maji yanaposhuka chini ya kiwango hicho, ndipo mbao huanza kusinyaa, na kila asilimia inayopotea huipunguza upana. Kwa meza itakayokaa ndani ya nyumba ya Moshi au Arusha, lengo la asilimia 12 hivi linatosha. Muuzaji anaposema, "Hizi ni kavu kabisa, fundi," huenda anasema kweli kuhusu sehemu ya nje tu, kwa kuwa ubao wa inchi 2 unaweza kuwa mkavu mkononi na bado ukawa na maji mengi katikati.

Njia ya kupima haihitaji kifaa cha bei. Kata kipande cha sentimita 3 kutoka ndani ya ubao, angalau futi moja kutoka kwenye ncha, kwa sababu ncha hukauka mapema na zitakudanganya. Kipime kwenye mizani ya kidijitali ya jikoni, kiweke kwenye oveni yenye joto la nyuzi 103 hivi, kisha ukipime tena kila baada ya saa chache mpaka uzito uache kupungua. Kama kilikuwa gramu 69 na kimebaki gramu 60, maji yaliyotoka ni gramu 9. Gawanya 9 kwa 60 na utapata asilimia 15. Mbao hizo bado zinahitaji kusubiri. Asiye na oveni aupime ubao mzima kwenye mizani ya duka la nafaka, aandike uzito kwa penseli juu ya ubao wenyewe, na kuurudia baada ya wiki. Ukiwa bado unapungua, haujawa tayari.

Mafundi wengi huhesabu mwaka mmoja wa kukausha kwa hewa kwa kila inchi ya unene, ingawa paina huwahi zaidi. Mbao zipangwe chini ya paa, juu ya vijiti vyenye unene sawa vilivyonyooka wima kutoka tabaka la chini hadi la juu, zipitiwe na upepo na zisiguswe na jua. Harusi ikiwa imebakiza miezi miwili na mbao ni mbichi, ushauri wangu ni kutozigusa kabisa. Tafuta zilizokaushwa kwenye tanuri, au nunua mbao za zamani zilizotoka kwenye milango na makabati yaliyobomolewa, ambazo zimekwisha kukauka kwa miaka mingi na mara nyingi ni za miti bora kuliko inayouzwa leo. Hizo zikaguliwe misumari kwanza, la sivyo randa itaharibika.

Dalili: uso wa meza umepasuka

Usianze na gundi. Anza kwa kuangalia ufa uko wapi, kwa sababu mahali ulipo ndipo panapoonyesha chanzo chake.

Ufa unaoanzia kwenye ncha ya ubao na kuingia ndani kwa sentimita chache hutokana na ncha kupoteza maji haraka kuliko sehemu nyingine. Ukiuona kabla ya kuunganisha, kata kipande chote chenye ufa na uongeze sentimita 2 au 3, kwa kuwa ufa huenda mbali kuliko unavyoonekana. Gonga kipande kilichobaki na ukikunje kidogo kwa mikono ili ujue kama kumebaki mwanya. Mbao nyingine uzipake rangi, nta au gundi kwenye ncha siku ileile unayozinunua.

Ufa unaofuata mstari wa gundi, hasa kwenye ncha mbili za uso, una maana kwamba kingo za mbao hazikunyooshwa sawasawa na zililazimishwa kukutana kwa klampi. Kipimo chake ni rahisi na kifanyike kabla ya gundi: simamisha ubao mmoja juu ya mwingine, kingo kwa kingo, na utazame ukielekea dirishani. Mwanga ukipenya popote, rudi kwenye randa.

Ufa mrefu unaopita katikati ya ubao mzima, mbali na mstari wa gundi, ndio unaoumiza zaidi, na chanzo chake karibu kila mara kiko chini ya meza. Geuza meza utazame uso umeshikwa vipi na reli. Kama umepigiliwa misumari, au umegandishwa kwa gundi kwenye reli zote nne, umefungwa mahali ambapo lazima utembee. Mbao karibu haibadiliki urefu, lakini upana wake hubadilika kila msimu. Mtiki uliopasuliwa bapa, yaani pete za mti zikilala karibu sambamba na uso wa ubao, husinyaa kati ya asilimia 5 na 6 ya upana wake kutoka kwenye ubichi hadi ukavu kamili. Kwa uso wa futi 3, tofauti ya asilimia 4 tu ya maji kati ya mwisho wa masika, mwezi Mei, na ukavu wa Februari ni mwendo wa milimita 7 hivi, na paina inaweza kuzidi hapo. Hakuna msumari unaouzuia mwendo huo. Uso ukitaka kusinyaa na reli zikaukatalia, utapasuka mahali palipo dhaifu.

Tiba ni kuufungua uso na kuufunga upya kwa namna inayouruhusu kutembea. Njia ninayoipendelea ni ya vishikizo vya mbao. Chonga kwa msumeno mfereji ndani ya kila reli ndefu, sentimita 1 au zaidi chini ya ukingo wake wa juu. Tengeneza vipande vya mbao ngumu vyenye urefu wa sentimita 4 hivi, kila kimoja kikiwa na ulimi wa milimita 10 upande mmoja. Ulimi huingia kwenye mfereji, na mwili wa kishikizo hufungwa kwa skrubu kwenye uso kutoka chini. Ulimi uwe umepanda kidogo kuliko mfereji, yaani ukiwa ndani ya mfereji mwili wa kishikizo ubakize mwanya wa unene wa karatasi nzito chini ya uso, ili skrubu inapokazwa uvute uso chini. Hapa msimu unaofanyia kazi una uzito wake. Ukifunga mwezi Februari uso ukiwa mkavu, acha nafasi ya milimita 4 kati ya mwili wa kishikizo na reli, kwa kuwa masika yatausukuma uso kwenda nje. Ukifunga mwezi Mei, sogeza kishikizo karibu na reli. Uso utakaposinyaa, utavuta ulimi kidogo kuelekea katikati ya meza, kwa hiyo hakikisha kwamba hauwezi kutoka mferejini wala kugota mwisho wake. Kwenye reli fupi mbili funga skrubu moja tu ya katikati bila mwanya, ili mwendo ugawanyike sawa pande zote mbili.

Ufa wenyewe usijazwe mchanganyiko wa gundi na unga wa mbao. Mbao itakapotanuka wakati wa mvua, kijazo hicho kigumu kitafanya kazi ya kabari na kuupanua ufa. Pasua uso kwa msumeno mwembamba kwa kuufuata ufa mpaka mwisho, piga randa kingo mbili mpya, na uziunganishe tena. Uso utapungua milimita chache, na hakuna mgeni atakayejua.

Jambo hili ni zito zaidi iwapo maharusi hawatakaa huku. Meza iliyotengenezwa Moshi ikapelekwa Dar es Salaam au Tanga itapokea unyevu wa pwani na kutanuka, na ikiwekwa kwenye chumba chenye kiyoyozi kinachofanya kazi mchana kutwa inaweza kusinyaa tena. Uliza mapema nyumba yao iko wapi kabla hujaamua mianya.

Dalili: uso umejipinda

Uso ulioinuka kingo mbili na kuacha bonde katikati una upande mmoja uliokauka kuliko mwingine, na kwa kawaida upande wa bonde ndio mkavu zaidi. Mara nyingi uso ulipakwa vanishi juu tu, chini ukaachwa wazi kwa kuwa hauonekani. Mara nyingine uliegemezwa ukutani juani "ukauke haraka". Kama mpindo ni wa siku chache, ulaze uso upande wa bonde ukiwa chini, juu ya majani yenye umande au kitambaa chenye unyevunyevu, na mgongo wake uelekee juani. Uchunguze kila baada ya nusu saa na uutoe mara unaponyooka, kisha uuache usimame kivulini hewa ikiupita pande zote kwa siku kadhaa. Baada ya hapo, idadi ya makoti ya vanishi chini iwe sawa na ya juu. Mpindo uliokaa muda mrefu hauondoki kwa njia hii, bali hutaka kupasua uso kwenye mistari ya gundi na kuunganisha mbao upya.

Uso uliojisokota, yaani pembe moja imepanda na ya mkabala wake pia, una tatizo lingine. Vuta nyuzi mbili kutoka pembe hadi pembe. Zikigusana katikati bila kusukumana, uso ni sawa. Msokoto mkubwa kwa kawaida hutokana na ubao wenye nyuzi zilizozunguka tangu mtini, na ubao huo ubadilishwe tu.

Dalili: mguu unacheza, au meza nzima inayumba

Hizi ni dalili mbili ambazo watu huzichanganya. Mguu unaocheza hugonga sakafu unapobonyeza pembe moja. Meza inayoyumba ina miguu yote minne chini, lakini ukiisukuma kwa kiganja inakwenda na kurudi.

Kwa mguu unaocheza, usikate kitu kabla hujaizungusha meza robo duara mahali palepale. Mchezo ukibaki kwenye mguu uleule, kasoro iko kwenye meza. Ukihamia mguu mwingine, kasoro iko kwenye sakafu, na hilo ni jambo la kawaida kwenye sakafu za saruji za nyumba zetu. Kama ni meza, pima mshazari kutoka mguu hadi mguu chini ya reli: vipimo viwili vya pembe hadi pembe visipolingana, fremu ilikaukia gundi ikiwa imeenda upande, na kukata mguu kutaficha kosa bila kuliondoa. Vikilingana, isimamishe meza juu ya ubao ulionyooka uliopimwa kwa pima maji, yaani kifaa cha fundi cha kuonyesha usawa, tia kabari mpaka uso ulale sawa, kisha weka penseli juu ya kipande cha mbao na uzungushe alama kwenye miguu yote minne kwa kimo kimoja. Kata kwenye alama hizo. Anayekata mguu mmoja mmoja kwa kukadiria hufanya meza iwe fupi bila kuituliza.

Meza inayoyumba imelegea kwenye maungio ya mguu na reli. Tundu la kwenye mguu na ulimi wa kwenye ncha ya reli vilivyochongwa vizuri huishika meza kwa miaka mingi. Ulimi uwe na unene wa theluthi moja ya reli hivi, na mabega yake yakutane na mguu pande zote bila mwanya. Msumari uliopigwa kupitia mguu kuingia kwenye ncha ya reli hauna nguvu, kwa kuwa umeingia sambamba na nyuzi, na utalegea hata kama ni wa inchi 4. Kuongeza misumari mingine hupasua reli. Fungua ungio, na kama ulimi ni mwembamba kuliko tundu, gandisha vipande vyembamba vya mbao kwenye mashavu yake, uuchonge upya mpaka uingie kwa kusukumwa na mkono, wala usihitaji nyundo.

Dalili: gundi imeachia

Tazama gundi iliyobaki. Ikiwa upande mmoja ni safi na gundi yote iko upande wa pili, huenda mbao ilikuwa na mafuta au vumbi. Mtiki una mafuta yake ya asili, na kingo zake zifutwe kwa thina muda mfupi kabla ya kupaka gundi, baada ya kupigwa randa siku hiyohiyo. Ikiwa gundi imekuwa unga mweupe wa chaki, ilipakwa kwenye baridi. Gundi nyeupe nyingi za mbao hutaka joto lisilopungua nyuzi 10, na asubuhi za Juni na Julai mjini Arusha karakana yenye kuta za mabati inaweza kukaribia hapo. Fanya kazi ya gundi mchana, na mbao zenyewe ziwe zimepata joto, si chupa pekee. Ikiwa karibu hakuna gundi kabisa, klampi zilikazwa kupita kiasi na kuikamua yote.

Gundi mpya ya aina hii haishiki juu ya ile ya zamani iliyokwisha kukauka, hivyo ikwangue yote kwa patasi mpaka mbao ionekane. Baada ya kubana, iachwe saa 24 kabla ya kuibebesha uzito, hata kama klampi zimetolewa mapema.

Dalili: vanishi ina ukungu, inanata au ina madoa

Ukungu mweupe unaotokea dakika chache baada ya kupuliza vanishi ya thina ni unyevu wa hewa. Thina inapoyeyuka hupoza uso, nao uso huo huvuta maji yaliyo hewani, ambayo hunaswa ndani ya vanishi. Siku ya mvua usipulize. Ukungu uliokwisha kuingia mara nyingi huondoka kwa koti jembamba la thina inayokauka polepole, likipulizwa wakati wa jua la mchana. Kunata kwa siku nyingi hutokana na makoti mazito yaliyofuatana upesi, au mafuta ya mtiki yanayozuia vanishi kukauka. Kwa hili la pili, futa kwa thina na uanze na koti jembamba la sila, yaani koti la kwanza la kuziba uso wa mbao. Madoa meupe yasiyopokea rangi ni gundi iliyopakazwa, nayo huonekana mapema ukifuta uso wote kwa kitambaa chenye maji kabla ya kupaka chochote. Mikwaruzo inayokatisha nyuzi ni ya msasa: pitia 80, 120, 180 na 240 bila kuruka hatua, ukifuata nyuzi.

Siku zikibaki chache na mvua haikatiki, ni afadhali meza ipakwe mafuta ya kitani na kufutwa kuliko kupulizwa vanishi itakayoharibika. Vitambaa vilivyotumika kwa mafuta hayo vitandazwe nje vikauke, visirundikwe, kwa maana huweza kushika moto vyenyewe.

Dalili: unga laini chini ya meza

Matundu madogo ya mviringo yanayotoa unga laini ni kazi ya bungua. Mdudu huyu hupenda sehemu nyeupe ya pembezoni mwa ubao, na asiposhughulikiwa atahamia kwenye samani nyingine za maharusi. Ubao wenye dalili hiyo uondolewe. Kwa mbao zilizobaki, kata sehemu nyeupe yote na upake dawa ya mbao pande zote, zikiwemo ncha, kabla ya vanishi. Sipendekezi kuziba matundu kwa nta na kuitoa zawadi hivyo.

Dalili: meza imelegea baada ya kufikishwa ukumbini

Huku zawadi huletwa mbele kwa nyimbo na kucheza, na meza hubebwa juu na watu wanne wanaoishika uso, si miguu. Kwa dakika hizo uzito wote wa miguu na reli huning'inia kwenye vishikizo. Kabla ya siku hiyo inua meza kwa kushika uso pembe zote nne na uitikise. Mlio wowote utafutwe na kushughulikiwa. Kama itasafiri kwa kirikuu, ilale kifudifudi juu ya godoro au mablanketi, miguu ikiwa juu, na kamba zipite kwenye reli, zisivutwe kutoka kwenye ncha za miguu.

Kwa meza inayokwenda mbali kwa basi, au itakayopita kwenye mlango mwembamba, miguu ifungwe kwa boliti tangu mwanzo badala ya gundi. Boliti hizo hulegea mbao zinapozoea hewa mpya, hivyo wakabidhi maharusi spana yake na uwaambie wazikaze tena baada ya mwezi mmoja, na tena msimu wa mvua unapokwisha.